‘Kuavya’ na ‘kuharibika’: Kitenzi kinapomgeuza mgonjwa kuwa mshukiwa

MWALIMU mmoja wa Kiswahili katika shule ya upili hapa Kisauni ameniletea swali ambalo nimeona heri nilijibu hadharani. Katika zoezi la visawe, mwanafunzi wake aliandika kwamba ‘kuavya mimba’, ‘kutoa mimba’, ‘kuharibu mimba’ na ‘mimba kuharibika’ yote ni mamoja. Mwalimu alisita. Atie alama ya vyema au akosoe?

Jibu la haraka ni kwamba matatu ya kwanza yaweza kuwekwa fungu moja, la nne hapana kabisa. Jibu refu ni makala haya yote, kwa sababu kosa la mwanafunzi yule si lake peke yake. Ni kosa la magazeti yetu, la vituo vya polisi, na wakati mwingine la wodi za hospitali. Na huko haligharimu alama mbili za mtihani.

Tuanze na sarufi. Kiswahili, kama ndugu zake wa Kibantu, kina njia nzuri ya kusema jambo limetokea bila ya kumtafuta aliyelitenda. Kikombe kimevunjika. Nguo imechanika. Kamba imekatika. Kiambishi hiki cha kutendeka kinaeleza hali ya kitu na kumwacha mtu nje ya sentensi. Linganisha na ‘kikombe kimevunjwa’: hapo mtu yupo, hata kama hatujamtaja jina. Mtoto wa miaka mitatu aliyeangusha kikombe anaijua tofauti hii vizuri. Muulize, atakwambia, “Kimevunjika.” Hatakwambia, “Nimekivunja.”

Vivyo hivyo kwa mimba. Imeharibika, imetoka, imemtoka: hakuna mtenda. Ameiharibu, ameitoa: mtenda yupo. Toka na toa, haribika na haribu. Kila kitenzi kina mwenziwe, na msemaji huchagua kulingana na anachokijua.

Sasa tazama ‘avya’. Kamusi hukieleza kitenzi hiki kuwa ni kutoa au kuharibu mimba. Umbo lake, pamoja na hiyo ‘y’ yake, lanikumbusha levya na ogofya, vitenzi vya kusababisha. Lakini lewa ipo kando ya levya, na ogopa kando ya ogofya. Mwenziwe avya yuko wapi? Sijapata kumsikia mtu, awe wa Bamburi, Lamu au Tanga, akisema ‘mimba imeavyika’. Ni kitenzi cha upande mmoja. Kila kinapotajwa kinadai mtu wa kulaumiwa.

Na ndicho kitenzi ambacho sisi wa magazeti ya Kenya tumekipenda kuliko vyote. Ni kifupi, kinaenea katika kichwa cha habari, tena kina harufu ya usanifu. Hapa Mtopanga watu hawakitumii barazani. Husema ‘kutoa’, kama vile vijana wa Dar es Salaam wanavyosema ‘kuchopoa’. ‘Avya’ ni neno la maandishi. Si mara moja wala mbili nimesoma habari ya mwanamke ‘aliyelazwa baada ya kuavya mimba’, nami nikisoma hadi mwisho naona alichokisema daktari ni kwamba mgonjwa aliletwa akivuja damu. Basi. Nani alimwambia mwandishi kwamba yule mwanamke alitenda kitu? Hakuambiwa na mtu. Aliambiwa na kitenzi.

Tusiwalaumu waandishi peke yao, hata hivyo. Mkanganyiko huu tumeurithi kutoka kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha aina mbili.

Cha kwanza ni cha sheria. Kanuni yetu ya Adhabu, Sura ya 63, ilianza kutumika mwaka 1930, na vifungu vyake vya 158 hadi 160 ni watoto wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1861. Vinamwadhibu anayekusudia kusababisha kile ambacho kifungu chenyewe kinakiita ‘miscarriage’, awe mwanamke huyo ana mimba au hana. Leo mzungumzaji wa Kiingereza akisema neno hilo ana maana ya mimba iliyotoka yenyewe. Neno limehama, sheria imebaki palepale. Anayetenda aweza kufungwa miaka 14, mwanamke mwenyewe miaka 7, na aliyetoa dawa au chombo miaka 3.

Cha pili ni Kiingereza cha tiba. Daktari anapoandika ‘abortion’ katika faili, ana maana ya mimba yoyote iliyokoma kabla mtoto hajaweza kuishi nje ya tumbo. Iliyotoka kwa malaria, iliyotoka bila ya sababu kujulikana, iliyotolewa kwa makusudi, zote zina jina hilo moja, kisha anaongeza kivumishi cha kuzitofautisha. Kwa daktari mwenzake hapo hapana tuhuma. Lakini lichukue faili hilo ulitie mikononi mwa askari aliyesoma vifungu vya 158 hadi 160. Kivumishi hakioni. Anaona neno moja tu, na neno hilo ni jina la kosa.

Utasema profesa anatia chumvi. Twende Ganze, kaunti jirani ya Kilifi.

Septemba 2019 msichana mmoja wa shule, ambaye mahakama imemtambulisha kwa herufi PAK, alishikwa na maumivu makali ya tumbo akivuja damu. Alikuwa mjamzito. Alikwenda kwenye kliniki, akapokewa na tabibu aliyesomea kazi yake, akamchunguza na kuona kuwa mimba imeshatoka. Akamhudumia kama inavyopasa: kumsafisha kizazi, kumpa dawa. Askari wakaingia klinikini, wakawakamata wote wawili, mgonjwa na aliyemtibu. Kumbukumbu za matibabu zikachukuliwa. Msichana akapelekwa kupimwa tena bila ya ridhaa yake, na wote wakafikishwa mahakamani Kilifi kwa makosa ya utoaji mimba. Mtoto wa shule, aliyetoka kitandani kwa mgonjwa, akalala rumande.

Tabibu alisema mimba imetoka. Upande wa mashtaka ulisema imetolewa. Wakili mzuri angeweza kuifupisha kesi nzima kwa viambishi viwili vya Kiswahili, ila kesi iliendeshwa kwa Kiingereza. Machi 2022 Jaji Reuben Nyakundi wa Mahakama Kuu ya Malindi aliyafuta mashtaka hayo na kusema kwamba huduma ya utoaji mimba ni haki inayolindwa na Katiba. Rufaa ikakatwa. Oktoba 2025 Mahakama ya Rufaa iliitengua hukumu hiyo, ikasema kutoa mimba si haki ya msingi chini ya Katiba yetu.

Wanasheria watabishana juu ya haki ya msingi, na wana haki ya kubishana. Mimi nauliza jambo dogo zaidi. Msichana mwingine wa Ganze, au wa Mtopanga, akianza kuvuja damu saa nane za usiku, ameyasikia yote haya. Atakwenda hospitali saa ngapi?

Nilimuuliza mkunga mmoja mkongwe wa mtaani kwetu, bibi ambaye amezalisha nusu ya watu ninaowaamkia njiani. Alikuwa akichambua mchele, hakuinua uso.

“Mwanangu, zamani mimba ikimtoka mtu, majirani walikuja kumpa pole. Siku hizi la kwanza aulizwa, umekunywa nini?”

“Na yeye hujibu vipi, bibi?”

“Husema ameteleza bafuni. Wote wateleza bafuni. Hata yule aliyeteleza kweli haaminiwi.”

Maneno hayo ya mwisho nimeyafikiria sana. Swali ‘umekunywa nini’ lenyewe si baya. Mhudumu anahitaji kujua ili atibu. Ubaya ni kwamba mgonjwa hajui swali hilo laulizwa na tabibu au na shahidi wa serikali. Basi anadanganya. Aliyemeza vidonge vya dukani hasemi ni vidonge gani wala vingapi. Aliyepatwa na balaa ya Mungu tu naye anaanza kutafuta uongo ulio bora, kwa kuwa ukweli wake unafanana mno na uongo wa mwenzake. Wengine hawaji kabisa mpaka homa imepanda, maambukizi yameingia kwenye damu, na pikipiki ya usiku ya kuvuka Daraja la Nyali kwenda kisiwani haitasaidia kitu.

Hawa si wachache. Utafiti wa Wizara ya Afya na kituo cha APHRC uliotolewa mwaka 2013 ulikadiria kwamba mwaka 2012 wanawake 157,762 walitibiwa katika vituo vya afya nchini kwa matatizo ya mimba zilizotoka au kutolewa. Kati yao 119,912 walikuwa na matatizo ya mimba zilizotolewa. Magazeti yaliikamata namba hiyo, pamoja na ile kubwa zaidi ya mimba 464,690 zilizokadiriwa kutolewa mwaka huo. Mimi nimeitazama iliyobaki. Toa moja kutoka kwa nyingine upate takriban 38,000. Karibu mmoja kwa kila wanne waliofika mlangoni wakivuja damu hakuwa ametenda kitu. Mlangoni huwezi kuwatofautisha kwa macho, na mara nyingi hata kwa vipimo. Matibabu yao nayo ni yale yale: kusafisha kizazi, dawa za kuzuia maambukizi, damu ikihitajika.

Hapa ndipo katazo linapowafika hata wale ambao hakuna aliyekusudia kuwakataza. Mwaka 2012 Wizara ilitoa mwongozo kwa wahudumu wa afya wa kupunguza vifo na majeraha yatokanayo na utoaji mimba usio salama. Desemba 2013 ikauondoa. Februari 2014 ikatoka barua ya kuwaonya wahudumu wasihudhurie mafunzo ya utoaji mimba salama. Fikiria maana yake katika zahanati ya kijijini. Mkono unaojua kukisafisha kizazi baada ya mimba kutolewa ndio huo huo unaokisafisha mimba ikitoka yenyewe. Hakuna mikono miwili. Ukimtia hofu mhudumu asijifunze hili, umemnyima na lile.

Mwaka huo huo wa 2014 msichana mdogo kutoka Kisii, anayejulikana mahakamani kama JMM, alibakwa, akapata mimba, ikatolewa kwa njia ya hatari. Alihamishwa kutoka hospitali moja hadi nyingine, figo zikaharibika. Alifariki mwaka 2018 kabla ya hukumu ya kesi iliyofunguliwa na shirika la mawakili wanawake, FIDA, pamoja na wengine, mama yake akiwa miongoni mwao. Juni 2019 majaji watano wa Mahakama Kuu walisema kuuondoa mwongozo ule kulikuwa kinyume cha sheria, na mama akaamuriwa alipwe shilingi milioni 3.

Sasa niirudie kalamu yangu nyekundu, maana lipo neno jingine la kulikosoa. Tunaandika kila siku kwamba utoaji mimba ‘umepigwa marufuku’ Kenya. Kifungu cha 26(4) cha Katiba ya 2010 hakisemi hivyo. Kinasema hauruhusiwi, kisha kinataja milango: kama kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyepata mafunzo pana haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au kama sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. ‘Marufuku’ haina milango. Ni neno la ukuta mtupu, la kibao cha ‘usikojoe hapa’. Anayelisoma kila wiki gazetini hawezi kujua kwamba mlango upo, na mhudumu anayelisoma huona usalama wake ni kumwambia mgonjwa aende mbele.

Tazama pia ‘mtaalamu wa afya’. Tukitafsiri haraka tunaandika ‘daktari’. Katiba haikusema daktari. Tabibu wa Ganze aingia humo, na muuguzi aliyepata mafunzo yake vilevile. Ukiandika ‘daktari’ umewafungia nje watu wa sehemu zote ambako daktari huonekana kwa nadra.

Na ‘maisha au afya’. Neno hilo ‘afya’ lilikuwa miongoni mwa sababu za makanisa kupinga rasimu kabla ya kura ya maamuzi ya Agosti 4, 2010. Waliliona pana mno. Lakini ulizeni nchini Ireland kinachotokea likikosekana. Marekebisho ya katiba yao ya 1983 yalisimama kwenye uhai peke yake, uhai wa mama na wa aliye tumboni ukipimwa sawa. Oktoba 2012 Savita Halappanavar, daktari wa meno mwenye umri wa miaka 31, alilazwa hospitalini Galway mimba yake ya wiki 17 ikiwa inatoka. Hakuna aliyetarajia kuwa mtoto atapona. Aliomba isaidiwe kutoka, akanyimwa, kwa sababu moyo wa kijusi ulikuwa ungali unapiga na yeye mwenyewe hakuonekana kuwa amefika mlangoni pa kifo. Alipofika alikuwa amechelewa. Maambukizi ya damu yalimuua Oktoba 28. Watu wa Ireland waliyafuta marekebisho yale kwa kura Mei 2018. Kati ya ‘afya’ na ‘uhai’ pana wagonjwa wanaongojwa wazidiwe kwanza.

Fasihi yetu imefanya nini? Naona imefuata kitenzi kile kile. Tangu Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, mhusika wa kike anayetoa mimba husafiri kuelekea maangamizi, na Rosa anajitoa uhai. Katika Chozi la Heri ya Assumpta Matei, kitabu kilichotahiniwa kwa miaka kadhaa, Sauna anaharibiwa na baba wa kambo, na mamake anamsaidia kuiavya mimba kisha anamziba mdomo. Matei kaona mbali hapo: aibu ya mtenda jinai imebebeshwa mtendwa. Mohammed Khelef Ghassany katika ‘Mame Bakari’ anatuonyesha hofu ya Sara aliyebakwa, hofu ya baba, ya shule, ya majirani, na kwangu hiyo ndiyo hadithi yenye huruma kuliko zote hizi. Lakini katika vitabu ninavyofundisha bado namtafuta mwanamke ambaye mimba imemtoka tu, aliyeitaka, aliyekwisha kuiwekea jina, naye anakaa mbele ya meza ya chuma akiulizwa umekunywa nini. Waandishi wetu wamezoea kisa chenye mtenda. Mwalimu naye hupenda kisa hicho, maana kina ‘maudhui’ ya kuorodhesha ubaoni.

Najua wapo wasomaji, Waislamu na Wakristo, ambao kwao kutoa mimba ni dhambi, na hapa mtaani kwetu huenda wao ndio wengi. Siwaombi wabadilishe itikadi zao kwa ajili ya safu ya lugha. Lakini maulamaa wenyewe wameandika kurasa nyingi wakitofautisha mimba ya siku kadha na kadha, na iliyotoka na iliyotolewa, na wanakubaliana kuwa mama akiwa hatarini kufa, uhai wake hutangulizwa. Anayeamini kwamba tendo fulani ni dhambi kubwa ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya lugha isiyomsingizia mtu tendo hilo.

Basi kwa mwalimu wangu wa Kisauni na kwa wahariri: ‘mimba imetoka’ au ‘imeharibika’ liwe ndilo tunaloanza nalo, mpaka pawepo ushahidi wa mtenda. ‘Kutoa mimba’ litumike pale ambapo mtu amesema au mahakama imeamua. ‘Avya’ sitaki lifutwe kamusini, lina kazi yake, lakini lisipewe mgonjwa ambaye hajaulizwa. Anayefika hospitalini akivuja damu aitwe mgonjwa, sio mshukiwa, na anachofanyiwa kiitwe matibabu ya mimba iliyotoka. Ni maneno marefu kuliko ‘avya’, najua, na wahariri watalalamika kwamba hayaenei katika safu mbili. Wapunguze mahali pengine. Mara nyingi katika habari hizi utakuta tumeandika umri wa mwanamke, mtaa wake, kazi yake na jina la shule yake. Hapo pana nafasi tele.